Majilio Nyumbani Moshi: Mishumaa Minne, Jani la Isale na Amani Kabla Ndugu Hawajafika

Kuanzia katikati ya Desemba, Moshi hujaa. Vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vilivyokaa kimya mwaka mzima vinasikika watoto, migomba inakatwa, mbuzi wanafungwa nyuma ya nyumba. Halafu, katika nyumba nyingi, furaha hiyo haivuki siku ya pili ya Krismasi. Neno lililosemwa kwenye kikao cha ukoo mwaka uliopita halikuombewa msamaha, mpaka wa shamba bado unauma, na mtu fulani hajasahau kwamba hakuarifiwa msiba. Wote wamekuja kanisani wakiwa wamependeza, ila wanakaa mabenchi tofauti.

Kanisa limeweka majira mazima ya kulishughulikia jambo hili kabla watu hawajafika. Ndiyo Majilio, yale majuma ya kujiandaa kwa Krismasi. Mwongozo huu ni wa kuyaadhimisha nyumbani kwa robo saa kila jioni, na kuitumia robo saa hiyo kutengeneza amani yenye majina ya watu ndani yake.

Kalenda kwanza

Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Mwaka 2026 ni 29 Novemba, mwaka 2027 ni 28 Novemba, na mwaka 2028 ni 3 Desemba. Tunasema “wiki nne”, lakini urefu wake hubadilika: siku 28 yakiwa marefu, siku 22 tu yakiwa mafupi. Mwaka 2028 ni wa yale mafupi. Jumapili ya nne itakuwa 24 Desemba yenyewe, asubuhi mnawasha mshumaa wa nne na usiku ni mkesha.

Hesabu hii ndiyo inayowaangusha wengi. Wanapanga jambo gumu la kupatana liwe wiki ya nne, kumbe wiki ya nne ni siku chache, tena ndizo siku za kupokea wageni kituo cha basi. Jambo gumu liwekwe wiki ya pili. Wiki hiyo mara nyingi ina zawadi ndani yake: 9 Desemba, Sikukuu ya Uhuru, watu hawaendi kazini, na mtu anaweza kupanda Marangu, Kibosho au Machame kumwona ndugu na kurudi mchana uleule.

Taji la mishumaa

Taji la Majilio linahusishwa na Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Kilutheri wa Hamburg, Ujerumani. Mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni, akaweka mishumaa midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili, ili watoto aliowalea waone wenyewe Krismasi imebakiza siku ngapi. Leo nyumbani tunabaki na ile minne tu.

Kule Ulaya hutumia matawi ya misonobari. Hapa wengi huiga kwa kukata matawi ya msipresi, ule tunaouita mti wa Krismasi. Hatushauri hivyo. Tawi la msipresi lililokatwa na kulazwa mezani hukauka kabla Majilio hayajafika katikati, lina utomvu, na likikauka hushika moto haraka sana. Tumia masale (moja huitwa isale). Ni majani mapana, yana maji, yanapindika bila kuvunjika, na yako kwenye ua wa karibu kila kihamba. Sababu nyingine ya kuyatumia tutaifikia chini.

Tafuta sinia la bati au la alumini lenye upana wa sentimita 40 hivi. Sinia la plastiki halifai. Weka mchanga wa kujengea uliochekechwa, kina cha sentimita mbili, unyunyizie maji mpaka ushikamane mkononi bila kutiririka. Chukua makopo manne matupu ya nyanya ya gramu 70, yaoshe, yajaze mchanga uliokauka na uushindilie kwa mpini wa mwiko. Yapange kwenye duara, kopo na kopo yakiachana sentimita 15. Mishumaa ikikaribiana zaidi ya sentimita 10, joto la mmoja huyeyusha ubavu wa jirani yake na wote hupinda. Chomeka kila mshumaa sentimita tatu ndani ya mchanga. Usiugandishe kwa tone la nta juu ya mfuniko. Ndiyo njia tuliyoizoea umeme unapokatika, lakini mshumaa wa namna hiyo huanguka ukiguswa na mtoto.

Kisha majani. Kata masale 12 hadi 15, yafute vumbi kwa kitambaa kibichi, yalaze kuzunguka ukingo wa sinia kwa nje ya makopo, ncha ya jani moja ikifunika mwanzo wa jingine, na mashina yakizama kwenye mchanga wenye unyevu. Badilisha yaliyonyauka kila Jumamosi. Usiyafunge kwa maganda makavu ya mgomba. Yanapendeza, lakini ni kuni zile. Kama lazima ufunge, tumia waya laini wa kufungia nondo.

Kata pia shina moja la isale lenye kichwa chake, urefu wa sentimita 30, ulisimamishe kwenye chupa ya maji pembeni, mbali na moto kwa angalau sentimita 30. Maji yabadilishwe mara moja kwa wiki.

Rangi: zambarau ndiyo rangi ya majira. Wakatoliki huweka mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi kwa Dominika ya tatu, Dominika ya furaha. Walutheri wengi hutumia rangi moja kwa yote. Mishumaa ya rangi hupatikana kwenye maduka ya vitu vya kanisa, na mapema Novemba ndiyo wakati wake. Ukiikosa, mishumaa myeupe ya dukani inatosha kabisa: zungushia kopo, si mshumaa, utepe wa zambarau au kipande cha kitenge. Usipake mishumaa kwa kalamu za rangi za watoto, kwa sababu rangi ile huziba utambi na mshumaa unazimikazimika.

Sasa urefu wa mshumaa, maana hapa ndipo taji huharibika katikati ya safari. Mshumaa wa kwanza huwaka kila jioni hadi 24 Desemba, wa nne huwaka siku chache tu. Kwa robo saa kila jioni, mwaka 2026 wa kwanza utawaka saa 6 na nusu, wa pili saa 4 na dakika 45, wa tatu saa 3, wa nne saa 1 na robo. Kabla ya kununua yote, nunua mmoja, uwashe nusu saa mahali pasipo na upepo, kisha upime umepungua sentimita ngapi. Zidisha mara 13: huo ndio urefu utakaoliwa kwenye mshumaa wa kwanza. Ongeza sentimita tatu zilizo ndani ya kopo na tatu za usalama, maana mshumaa usiachwe uwake hadi kwenye mchanga. Nunua sita, miwili iwe akiba. Na waambie watu wote wa nyumbani tangu mwanzo: umeme ukikatika, mishumaa hii haiendi jikoni wala bafuni. Weka mingine kwa kazi hiyo.

Orodha ya usalama ni fupi: pazia liwe mbali mita moja, kitambaa cha meza cha plastiki kiondolewe, mtu mzima awepo muda wote. Nta ikiwaka kwenye sinia usimwagie maji, itaruka. Ifunike kwa mfuniko wa sufuria.

Jioni ya dakika kumi na tano

Chagua saa na usiihamishe. Nyumba nyingi za Moshi hufanikiwa na saa mbili kasorobo usiku, chakula kimekwisha na taarifa ya habari haijaanza. Ukiiweka baada ya taarifa, watoto wamelala. Ukiiweka kabla ya chakula, kila mtu anasikiliza sufuria.

Zima taa na redio, simu zigeuzwe kifudifudi. Dakika moja gizani, kimya. Watoto watacheka siku mbili za mwanzo. Waacheni, siku ya tatu giza litawanyamazisha lenyewe. Kisha washa mshumaa wa wiki ya kwanza, halafu wa pili, kwa mpangilio uleule kila siku. Anayewasha aseme sentensi moja tu, kwa mfano: “Njoo, Bwana Yesu, utuangaze.” Somo lisomwe na mtu mmoja, aya zisizidi 15. Dakika mbili za kimya. Halafu kila mmoja aombe kwa sentensi moja na amtaje mtu mmoja kwa jina. Baba Yetu. Ubeti mmoja wa wimbo wa Majilio. Zimeni kwa kufunika moto na kijiko kilichopinduliwa. Kupuliza hurusha nta mezani, na ndugu wawili watapigania nani apulize.

Kosa kubwa hapa ni mahubiri. Baba au mama akishaanza kutumia somo kumsema mtoto aliyefeli au kijana aliyechelewa kurudi, kesho yake kijana huyo atakuwa na kazi nyingi saa mbili kasorobo. Somo lisomwe, liachwe.

Masomo yenyewe yafuate mtiririko huu. Wiki ya kwanza ni ya Isaya: 2:1–5, 9:1–7, 11:1–10, 25:6–9, 35:1–10, 40:1–11, 61:1–4. Wiki ya pili ni ya Zakaria na mwanawe Yohana: Luka 1:5–25 (gawanyeni wasomaji wawili), 1:57–66, 1:67–80, kisha Luka 3:1–6, 3:7–14 na 3:15–18, mmalizie na Mathayo 11:2–11. Wiki ya tatu anzeni na Wafilipi 4:4–7, halafu Sefania 3:14–17, Mika 5:2–5, Luka 1:26–38, 1:39–45, 1:46–56 na Mathayo 1:18–25. Zilizobaki mrudie zile mlizozipenda, na Luka 2:1–14 isubiri usiku wa tarehe 24. Katika Isaya 9 na Mika 5 namba za aya hupishana kwa moja kati ya tafsiri na tafsiri, msishtuke.

Jioni ya Luka 3:7–14 ipewe uzito. Watu wanamwuliza Yohana, “Tufanye nini basi?”, naye hawaambii waongeze sala. Anawaambia juu ya kanzu ya pili, juu ya ushuru uliozidishwa, juu ya askari wanaodhulumu. Jioni hiyo ndiyo mlango wa kazi ya amani.

Nyumba yenye makanisa mawili

Kilimanjaro ina nyumba nyingi za baba Mlutheri na mama Mkatoliki, au kinyume chake. Wamisionari Wakatoliki walianzia Kilema, wale wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, wakaingia Machame mwaka 1893, na wajukuu wa pande zote wameoana tangu hapo. Majilio ni majira yenu nyote, na masomo yaliyo juu yako kwenye Biblia zote mbili.

Panapokwama ni Baba Yetu. Upande mmoja wanasema “ufalme wako ufike, utakalo lifanyike duniani kama mbinguni”, upande wa pili “ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe hapa duniani kama huko mbinguni”. Mtoto anasikia sauti mbili zinagongana, anaishia kunyamaza. Pangeni zamu kwa wiki: wiki ya kwanza na ya tatu maneno ya mama, ya pili na ya nne maneno ya baba, na wote wafuate ya zamu. Mkatoliki akitaka kusali Malaika wa Bwana au rozari, afanye baada ya mishumaa kuzimwa, anayependa abaki.

Kazi ya amani

Wiki ya kwanza hakuna simu inayopigwa. Kila mtu mzima achukue karatasi na aandike majina ya watu ambao akisikia wanakuja Krismasi, tumbo linakaza. Mbele ya kila jina aandike mambo mawili kwa sentensi fupi: alichonikosea, nilichomkosea. Safu ya kwanza hujaa haraka. Ya pili ndiyo inayotafutwa, na inaweza kuchukua jioni tatu au nne za ule ukimya wa dakika mbili. Karatasi isisomwe na mwingine.

Mwisho wa wiki chagua jina moja. Si matatu. Chagua lile ambalo safu yako ya pili ina neno la kweli, hata kama kosa lake ni kubwa kuliko lako. Mathayo 5:23–24 inazungumza na aliyekumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, na inamwambia aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza.

Wiki ya pili, nenda. Kama yuko karibu, nenda kwa miguu yako. Kama yuko Dar es Salaam au Mwanza, piga simu jioni baada ya chakula, ukiwa peke yako chumbani. Kundi la WhatsApp la ukoo si mahali pa jambo hili, wala ujumbe wa sauti, kwa sababu huwezi kujua nani ameketi karibu naye unaposikilizwa.

Maneno yawe machache na kosa litajwe. Kwa mfano:

“Shikamoo kaka. Habari za huko? Nina jambo moja, naomba dakika mbili. Kwenye kikao cha mwaka jana nilisema mbele ya wazee kwamba umekula hela ya mchango. Sikuwa na uhakika, na nilisema watoto wako wakisikia. Nilikosa. Naomba unisamehe.”

Kisha nyamaza. Usijaze ukimya.

Yanayoharibu maombi ya msamaha yanafahamika. La kwanza ni neno “kama”: “kama nilikukosea, nisamehe.” Anayesikia anaelewa kwamba hujakubali kosa. La pili ni “lakini”: “nilikosa, lakini na wewe…” Hapo umerudi kikaoni. La tatu ni kuunganisha msamaha na shamba. Usiombe msamaha na kuuliza habari za mpaka kwenye simu ileile, maana atadhani umekuja kwa ajili ya ardhi. Mpaka una njia yake: wazee wa ukoo waliouona ukiwekwa, majirani wa pande zote, na siku yake maalumu, mwezi wa kwanza, wageni wakishaondoka.

Akijibu kwa hasira, sema: “Una haki. Sikukupigia ili unijibu leo. Asante kwa kunisikiliza.” Umemaliza sehemu yako, naye ana siku kadhaa za kutafakari kabla ya kukuona uso kwa uso. Ndiyo maana tumesisitiza wiki ya pili.

Mkubwa aliyemkosea mdogo ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu desturi haimdai. Baba mwenye mvi akimwambia mwanawe, “Mwanangu, nilikutukana mbele ya mkeo, nilikosa,” hapunguziwi heshima yoyote. Kijana huyo ataikumbuka Krismasi hiyo akiwa naye ana mvi.

Hapa ndipo isale linapoingia. Kwa Wachagga, jani hili ni la kuomba msamaha na la amani. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyekosewa, na kulikataa ni jambo zito. Mzunguko wa masale mezani kwako una maana hiyo kila jioni mnapowasha mishumaa, na waelezeni watoto. Kwa ugomvi mkubwa, tafuta mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, au mchungaji, au mwenyekiti wa jumuiya, mwende pamoja mkiwa na jani. Jani halisemi kosa lilikuwa lipi, kwa hiyo bado lisemwe kwa mdomo.

Kuna mlango mmoja ambao hatumpeleki mtu peke yake: wa aliyempiga, au aliyemdhulumu kimwili. Kusamehe moyoni hakumlazimu mtu kulala nyumba moja na aliyemuumiza. Hilo lizungumzwe na mchungaji au padri, na pale sheria ilipovunjwa, polisi.

Wiki ya tatu ni ya fedha, kwa sababu ugomvi mwingi wa Desemba huzaliwa hapo. Kaeni, muandike kila kitakachotumika: mbuzi au nyama ya kununua, mchele, mbege (pombe ya ndizi), nauli, nguo za watoto, sadaka, na ada ya Januari ikiwa juu kabisa ya karatasi. Mjue nani analeta nini kabla hajapanda basi. Ndugu aliyepoteza kazi mwaka huu apigiwe mapema na kuambiwa, “Njoo tu, usibebe kitu.” Asipoambiwa, wengine wa namna hiyo hutafuta udhuru na kubaki mjini peke yao. Tengeni pia kanzu ya pili ya Luka 3, yaani nguo nzima zilizofuliwa, na kilo kadhaa za unga, vifike kwa jirani kabla ya tarehe 20, akiwa bado na muda wa kuvipangia.

Tarehe 17 hadi 24

Siku saba kabla ya mkesha, Kanisa la Magharibi lina sala za kale zinazoanza kwa “Ee”, zikimwita Kristo kwa majina ya Agano la Kale: tarehe 17 Ee Hekima, 18 Ee Adonai, 19 Ee Shina la Yese, 20 Ee Ufunguo wa Daudi, 21 Ee Mawio, 22 Ee Mfalme wa mataifa, 23 Ee Emanueli. Kila jioni ongezeni jina la siku hiyo baada ya kuwasha: “Ee Ufunguo wa Daudi, njoo.” Mtoto wa darasa la pili anaweza kuliongoza. Nyumba imejaa mizigo na wageni, sala ndefu haitawezekana, na hili halizidi pumzi moja.

Wageni wanapofika, taji lisihamishwe kupisha sahani. Mshumaa wa nne uwashwe na mkubwa kuliko wote aliyepo, bibi au babu, hata mkono ukitetemeka. Mjukuu amshike kiwiko. Mkatoliki ahakikishe amekwenda kitubio kabla ya tarehe 22, foleni za mkesha ni ndefu. Tarehe 25 weka mshumaa mweupe katikati.

Masale yaliyolazwa huisha kazi yake Krismasi ikipita, yatupwe kwenye migomba yaoze. Lile shina la kwenye chupa litazame chini: likianza kutoa mizizi myeupe, linaweza kupandwa Epifania, 6 Januari. Chimba kina cha kiganja, lipande, mwagilia kila baada ya siku mbili mpaka lisimame, kwa kuwa Januari Moshi ni kavu. Lipandwe karibu na mlango au kwenye makaburi ya wazee. Lisipandwe kwenye mpaka ambao bado una maneno, kwa sababu masale ndiyo alama ya mpaka, na jirani akiona shina jipya pale atasoma kitu kingine kabisa.